Ufunguo wa Ramani

Bwana Makinoni, sisi wachoraji tulimwita Bwana Mvua,
maana mji mzima ukikimbilia vibarazani
yeye alitoka ofisini, akasimama uani,
shati likilowa, akicheka peke yake.
Mwaka aliorudi kwao aliniachia karatasi moja.
"Chaurembo," akasema, "wewe una mkono mtulivu.
Hapa ndipo alipozaliwa mama yangu."

Nikaitandaza juu ya meza ya kioo, taa ikiwaka chini.
Kisiwa kidogo: urefu wake Feri hadi Buguruni,
upana wake hata Mnazi Mmoja hufiki.
Magharibi mistari ya mwinuko imebanana
kama nywele za twende kilioni.
Hapo ni jabali, linashuka wima baharini,
na ndege tu ndio wenye hatimiliki.
Mashariki mistari inalegea: ghuba, kisima,
kanisa la ukubwa wa punje ya mtama.
Mti hakuna. Niliutafuta, nikidhani mchoraji kapitiwa.
"Upepo," akasema. "Na kondoo."
Kuni zao ni ardhi yenyewe:
wanaichimba, wanaianika kama muhogo,
ikikauka wanaipikia.

Kisha akanionyesha visanduku.
Vilivyojazwa wino, nyumba zenye paa. Vilikuwa vitatu.
Vilivyo wazi, nyumba zisizo na paa.
Nilihesabu hadi arobaini na moja, nikaacha.

Historia aliisimulia huku akifunga sanduku la safari.
Mwenye kisiwa aliishi mbali, akaona kondoo wanalipa kuliko watu.
Wa kaskazini wakavushwa ng'ambo wasikokujua.
Waliobaki wakasogezwa penye mawe,
wakabeba udongo mgongoni kwa vikapu
ili viazi vipate pa kulala.
Vita viwili vikachukua vijana.
Shule ikabaki na mwalimu mmoja na mtoto mmoja;
siku mtoto akiugua, shule nzima inaumwa.
Wa mwisho walipopanda meli, bibi yake alichukua mnyororo
ulioning'iniza chungu juu ya moto.
Ufunguo aliuacha mlangoni.
Nikauliza kwa nini.
"Nani angeiba upepo?"

Nilikuwa kijana. Nilicheka.

Miaka thelathini na ushei baadaye
walikuja Kurasini na kopo la rangi nyekundu.
Bandari ilikuwa inakua, na mtaa wetu ulikuwa njiani.
Mthamini aliandika: mnazi, kiasi hiki;
mpera, pungufu kidogo; kaburi, nalo lina bei yake.
Mkeka wa mama uliofika nusu hakuuandika.
Wengine wakaenda Chamazi, wengine Kivule.
Mama Hiari, aliyetukopesha chumvi miaka yote,
hadi leo sijui alishukia wapi.
Zainamu, mke wangu, aling'oa komeo la mlango wa mbele,
akalifunga ndani ya kanga kama mtoto mchanga.

Kisha ile karatasi ya Kurasini ikaletwa mezani kwangu: sahihisha.
Nakala ya kwanza niliichora mimi.
Wino haufutwi kwa mpira. Unakwanguliwa,
kwa wembe, polepole, usije ukatoboa.
Nikamkwangua Mama Hiari.
Nikakwangua bomba la maji, msikiti mdogo, genge la Mloka.
Saa nane mchana nikafika kwangu.
Vumbi jeusi likanibaki chini ya kucha.

Kwenye ufunguo wa ramani zetu
ipo alama ya kinamasi, ya mkonge, ya reli.
Ya nyumba isiyo na paa haipo.
Kwetu nyumba ikishavunjwa, haijawahi kuwapo.

Nikatazama huku na huku. Mkuu wangu alikuwa ameenda kuswali.
Nikachukua kalamu nyembamba kuliko zote,
nikachora kisanduku kimoja, cheupe ndani,
pale ambapo leo makontena yamepandana.
Mkaguzi hakukiona. Karatasi ikapigwa chapa.

Ukiipata, chukua lenzi.
Kiko kusini kidogo ya reli.
Mlango ulitazama mashariki.